Dirisha la Bitana

Kabla sijaanza ya mwenzangu, niseme mimi ni nani, maana nina mdomo, na mtu mwenye mdomo ni vizuri ajulikane mapema. Napiga pasi nguo za watu. Pasi yangu ni ya makaa, na mimi mwenyewe wananiita Makaa; wengine kwa sababu ya pasi, wengine kwa sababu nikikasirika sihitaji kupulizwa. Ninayetaka kumsimulia ni fundi cherehani niliyekaa naye bega kwa bega kwenye kibaraza cha duka la vyombo. Yeye alishona, mimi nikanyoosha alichoshona. Tulikaa hivyo muda mrefu mpaka wateja wapya wakawa wanadhani sisi ni ndugu wa tumbo moja. Laiti tungekuwa ndugu, haya yasingempata.

Watu walimwita Bitana. Ukimpelekea gauni la shughuli, atakuuliza, "Bitana je?" Ukimpelekea sketi ya kuendea sokoni, atakuuliza vilevile. Mteja atalalamika kwamba ndani hakuna anayeona, naye atajibu huku kitambaa kiko tayari mkononi, "Wewe utaiona ukivaa." Nilimwambia mara nyingi kwamba anapoteza saa zake kwa kitu kilichojificha. Alikuwa ananicheka tu na kuendelea kukanyaga cherehani.

Hakuwa na mume wala mtoto wa kumzaa, ila alilea mtoto. Baba yao alipofariki, mdogo wake wa mwisho alikuwa bado anatambaa, na mama yao alikuwa anashinda kazini. Bitana ndiye aliyembeba yule kitindamimba mgongoni huku akishona sare za shule. Msichana alipokua, akamfundisha kupima, kukata, kupiga pindo, kila kitu. Nilimwona kwa macho yangu akiwa binti mdogo, futi shingoni, akipima kila kilichokaa mbele yake: meza, kiti, mpaka meza yangu ya pasi. Baadaye aliolewa, akafungua duka lake la nguo za watoto, na kushona akaacha. Lakini kila akipita kibarazani lazima amtungie dada yake uzi kwenye sindano zote za siku ile, maana macho ya Bitana yalikuwa yameanza kumgomea.

Hayo macho ndiyo yaliyokuwa kidonda chake. Mwenye duka alirefusha paa la kibaraza ili vyombo vyake visinyeshewe, na mwanga ukapungua. Bitana akawa anakifukuza kijua na kiti chake, asubuhi upande huu, mchana upande ule, mpaka ananikalia kwenye makaa. Kuna siku alishona mkono wa shati nje ndani. Mteja hakukasirika, alicheka tu, lakini Bitana hakula siku nzima. Aliniambia, "Makaa, nikikosa mwanga nimekosa kazi, na nikikosa kazi mimi ni nani?" Nilimwambia asiwe na mawazo ya kizee.

Basi siku moja wakaja, kaka yake mkubwa na yule kitindamimba. Kaka ni msimamizi wa ghala, mtu mwenye sauti ya kuamrisha hata anapokusalimia. Walituletea soda, sisi wote, hadi mwenye duka. Soda zenyewe za baridi. Hapo hapo nikajua kuna jambo.

"Mdogo wangu," kaka akaanza, "ile nyumba niliyokuwa najenga imeshaezekwa. Mama tunamhamishia pale, na wewe tumekuwekea chumba chako."

Mama yao alikuwa amepata kiharusi. Mkono na mguu wa upande mmoja ulikuwa umelala, na maneno yalikuwa yanamtoka polepole. Alikuwa bado anaishi kwenye nyumba yake ya zamani, watoto wakipokezana kwenda kumwangalia.

"Na Mama atahudumiwa na nani?" nikauliza mimi, ingawa sikuulizwa.

Kaka akanitazama kama mtu anayetazama pasi ikiongea. "Tumeshapata binti mwenye uzoefu na wagonjwa. Atalala chumba kimoja na Mama. Huyu tunataka apumzike, ashone kwa raha zake. Si amehangaika vya kutosha?"

Kitindamimba akamshika dada yake mkono. "Dada, chumba chako kina dirisha hilo! Kutoka juu kabisa mpaka chini. Linatazama jua linakochomoza. Utatunga uzi mwenyewe bila kuniita."

Nilimwona Bitana akimeza mate. Hakuuliza juu ya sakafu, wala maji, wala majirani. Aliuliza kitu kimoja tu. "Chini mpaka wapi?"

"Mpaka karibu na miguu yako ukiwa umekaa kwenye cherehani."

Akasema atakwenda kulipima, ashone pazia. Kitindamimba akakataa. Kule bado ni saruji na vumbi tupu, kifua cha dada yake hakitaweza. "Nitapima mimi. Kwani nani alinifundisha?" Bitana alicheka kwa fahari mpaka nikamwonea wivu kidogo, mimi ambaye wanangu hata kifungo hawajui kukishika.

Vipimo vikaja. Bitana akavisikiliza, akasita. "Mbona refu hivi, na jembamba hivi?"

"Ndiyo fasheni ya siku hizi, Dada."

"Dirisha hilo ni la mtu kutokea," nikasema.

Tukacheka wote. Kitindamimba ndiye aliyecheka kuliko sisi, alicheka mpaka akafuta machozi kwa kiganja. Leo nikiyakumbuka yale machozi natamani ningekuwa na pasi yangu mkononi, imewaka.

Bitana alikuwa na kitambaa alichokitunza chini ya sanduku tangu enzi ambazo hata mimi sizijui, kizito, rangi ya maziwa. Wateja walishawahi kukiomba, akawanyima. Alikitoa siku hiyo hiyo. Sasa hapa nieleze kidogo kwa asiyeshona. Pazia la mlango ni kipande kimoja, kwa sababu mtu analisukuma anapita na linatakiwa lirudi lenyewe kuficha ndani. La dirisha ni vipande viwili vinavyokutana katikati, ili asubuhi uvitenge, kimoja huku na kingine kule, mwanga uingie. Bitana akakata viwili. Akaviwekea bitana, bila shaka. Akavipiga marinda ambayo nilichoka kuyanyoosha. Kazi za watu zikasubiri. Sijawahi kumwona akijishonea kitu kwa mapenzi yale.

Kibarazani akaaga. Nafasi yake mwenye duka akampa fundi simu, na kabla cherehani haijafika barabarani yule fundi simu alikuwa ameshaweka kisanduku chake cha kioo na kipaza sauti. Mimi nikabaki napiga pasi kwa mdundo nisioutaka.

Siku ya kuhama nilikwenda kusaidia. Kaka alileta gari la ghalani, tukapakia cherehani mwisho, maana Bitana alitaka ishuke ya kwanza. Nyumba ilikuwa nzuri, sitasema uongo. Rangi mpya, milango inang'aa, sebule pana, jiko lenye sinki. Harufu ya rangi ilituingia puani mpaka tukawa tunapiga chafya kama tumeitana. Mama alikuwa ameshafikishwa, amelazwa chumba cha nyuma. Bitana aliingia kumsalimia, kisha akaenda mbio chumba chake na pazia mkononi. Mimi nyuma yake, na fimbo ya pazia begani.

Akasimama katikati ya chumba. Akageuka. Akageuka tena.

Kulikuwa na kidirisha kimoja, juu, karibu na dari, cha ukubwa wa kile cha chooni. Kilitazama ukuta wa jirani. Na ukutani, upande wa pili, kulikuwa na uwazi mrefu, mwembamba, usio na mlango. Ukichungulia unaona kitanda cha Mama.

"Dirisha liko wapi?" Bitana akauliza.

Kitindamimba alikuwa mlangoni amebeba mto. "Dada, yule mwashi ametuharibia. Alisema jirani amejenga ukuta karibu mno. Lakini atakuja kulitoboa upande wa mbele, usijali. Kwa sasa pazia lako tulitundike hapa kwenye uwazi, mpaka mlango uje."

"Na yule binti wa kumhudumia Mama?"

"Amepata msiba kwao. Wiki ijayo."

Bitana alikubali. Nataka mtu asimwone mjinga kwa kukubali. Aliyekuwa anamwambia ni mtoto aliyembeba mgongoni. Tukatundika lile pazia la maziwa kwenye ule uwazi, na likaingia sawasawa, juu na chini, halikupungua kidole. Mimi nikaona jinsi lilivyoingia. Nikatazama, nikatazama tena, nikafunga mdomo wangu. Sijui kwa nini siku ile niliufunga, maana siku nyingine zote haufungiki.

Ile wiki ijayo haikuja. Kwanza binti alikuwa na msiba, halafu akawa mgonjwa, halafu akawa amepata kazi nyingine na wanatafuta mwingine. Bitana akawa anamwogesha Mama, anamlisha, anamgeuza, anamfulia. Mama akiita usiku, anaamka. Akiita mchana, mguu unatoka kwenye cherehani. Kushona kwenyewe alishona chini ya taa, na taa ile ilikuwa nyuma ya kichwa chake, kivuli chake mwenyewe kikimwangukia kwenye kazi. Wateja hawakuijua nyumba. Nilipopata nafasi nilimpelekea nguo za watu nikiwa nimezifunga kwenye shuka. Kila nikifika, mzigo niliouleta mara iliyopita bado uko pale pale.

"Mwashi anakuja lini?" nikawa namuuliza.

"Anakuja," anasema.

Na kweli alikuja. Nilikuwepo. Alikuja kurekebisha mfereji wa maji nyuma ya nyumba, mzee mmoja mchangamfu mwenye saruji hadi kwenye nyusi. Bitana akampelekea chai, akamkalisha kwenye kizingiti cha mlango wa jiko, akamuuliza kwa adabu ni lini ataanza kulitoboa dirisha.

"Dirisha lipi?"

"La chumbani kwangu. Lile lililozuiwa na ukuta wa jirani."

Mwashi akanywa chai kwanza. "Mama, ule ukuta wa jirani mimi nimeukuta. Una umri mkubwa kuliko watoto wangu. Chumba kile tangu msingi kina kidirisha cha hewa na ule uwazi. Mimi nilitaka kuuwekea mlango, kaka yako akasema usiwekwe. Akasema mwenye kumtunza mgonjwa atalala upande huu, na mgonjwa akiita lazima asikike."

Nikamtazama Bitana. Alikuwa bado ameshika birika.

"Tangu msingi," akasema.

"Tangu msingi."

"Na nani alikuja kupima? Kuna mtu alikuja kupima hapa?"

Mwashi akachangamka, hakujua anachokifanya masikini. "Alikuja dada mmoja mwembamba, futi shingoni. Nilimshikia mimi upande wa juu. Nikamwambia, mlango ukiupima usisahau fremu. Akanicheka, akasema hafundishwi kupima, yeye amefundishwa na fundi."

Bitana akamwongezea chai. Akaingia chumbani. Nikamfuata, nikamkuta amekaa kitandani, mikono mapajani, mikono ambayo sijapata kuiona ikiwa imekaa tu.

"Makaa," aliniambia, "amesimama pale, amepima mlango, amekuja kuniambia dirisha. Na mimi nikakata."

Nilitukana. Sitaandika nilichokisema. Nilisema nitakwenda dukani kwake nikamwage zile nguo za watoto barabarani. Bitana hakunisikia. Alikuwa analitazama pazia, na katikati ya pazia, pale vipande viwili vinapokutana na kuachana kidogo, kulikuwa na mstari mwembamba, na kwenye ule mstari unaona shuka la Mama na nusu ya uso wake akiwa amelala.

Alinionya nisiseme kitu. Kaka alikuwa amewaalika ndugu na wenzake wa kazini Jumapili waje waione nyumba. "Nitawauliza siku hiyo, mbele ya watu," Bitana akasema. "Wewe uwepo. Nataka awepo mtu mmoja ambaye hawezi kuniambia tuyamalize kifamilia. Wakishanijibu naondoka. Walete huyo binti wao, au wapokezane kama zamani." Nilikuwa na rafiki mwenye chumba cha kupanga karibu na kibaraza, kidogo, lakini dirisha lake ni dirisha. Nikakiulizia. Kilikuwa wazi.

Jumapili nikafika mapema. Cherehani ilikuwa imefunikwa, sanduku limefungwa, vyote vimesogezwa karibu na mlango. Roho yangu ikatulia. Nikajisemea, leo watakiona cha moto.

Wageni wakaja, wakasifu rangi, wakasifu bati, wakafungua na kufunga bomba la jikoni kama hawajawahi kuona maji. Mama akaletwa sebuleni kwenye kiti, amevalishwa gauni Bitana alilomshonea, nywele zimechanwa vizuri. Watu wakala. Kaka akasimama, akazungumza juu ya msingi, juu ya mchanga, juu ya mafundi waliotaka kumlaghai asilaghaike. Nikamwona Bitana akiweka sahani chini na kuifuta mikono yake. Alikuwa anasimama. Sasa, nikasema moyoni, sasa.

Mama akainua mkono wake mzima.

Maneno ya Mama yalikuwa yanakuja moja moja, kwa hiyo sebule nzima ikanyamaza kumsubiri. Akasema anataka kushukuru. Akasema yeye alikataa kuhama, alikataa kabisa, hakutaka kuwa mzigo kwa mtoto yeyote. "Mpaka waliponiambia," akasema, akapumzika, akamtazama Bitana. "Waliponiambia huyu ameomba mwenyewe. Amesema nipeni Mama nikae naye. Ameomba mwenyewe, mwanangu." Na upande ule wa uso wake uliokuwa bado unamtii ukatabasamu.

Watu wakapiga makofi. Mama mmoja akatoa leso. Kaka akasema, "Huyu dada yetu ni malaika," akamvika kilemba cha ukoka mbele ya kadamnasi, na kitindamimba akapiga makofi huku ameinamisha kichwa.

Bitana alikuwa ameshasimama. Kila mtu alimtazama akidhani atajibu shukrani. Akafungua mdomo, akamtazama mama yake, akaufunga. Aseme nini? Kwamba hakuomba? Amwambie yule mama, mbele ya watu wote wale, kwamba mtoto wake hakumtaka? Walimfunga pale kwa kamba ambayo mwenye kuishika ni mgonjwa. Akaokota sahani zilizokuwa karibu, akaenda nazo jikoni.

Mimi nikamfuata, na kitindamimba akatufuata. Kuja alikuja, hilo nampa.

"Ulimwambia Mama niliomba?" Bitana akauliza, mgongo kwetu, maji yanamwagika kwenye sinki.

"Kaka ndiye aliyemwambia. Mama alikuwa anakataa, Dada. Hakuna mtu angeweza kumhamisha."

"Na mimi mkaniambia dirisha."

Kitindamimba akachukua kitambaa, akaanza kufuta sahani.

"Ulikuja ukapima. Ulijua mimi nakuamini kipimo chako."

"Dada, mimi nina duka, nina watoto. Kaka na kazi ile. Wewe ndiye uliye peke yako." Akaanza kulia. "Tungekuambia ukweli, ungekubali?"

Bitana akafunga bomba, akageuka. Sijawahi kumwona amekasirika miaka yote ile, na hata siku ile hasira haikuwa jina lake. Alikuwa ameumia tu, ameumia mpaka ndani, na hakujaribu kuficha.

"Sijui," akasema. "Hukuniuliza. Huenda ningekuja mbio. Ni mama yangu. Lakini sasa hata mimi sitajua kamwe ningejibu nini, na hilo mmeniibia ninyi wawili."

Akatoka. Kitindamimba akabaki ameegemea friji, akinitazama kama anasubiri nimwambie neno. Nilikuwa nayo mengi, na nilianza nayo mawili matatu, kisha nikaona Bitana ananihitaji zaidi.

Nikamkuta chumbani amepanda kwenye kigoda, anaishusha ile fimbo. "Hili naondoka nalo," akasema. "Nimelishona mimi." Nikashika upande mmoja. Pazia likashuka, na ule uwazi ukawa wazi kabisa. Mama alikuwa ameshachoka na wageni, wamemrudisha kitandani, na alikuwa macho. Alikuwa anatutazama.

"Mbona mnalishusha?" akauliza.

Bitana alikuwa bado juu ya kigoda, amekumbatia kile kitambaa chote. Ningeweza kujibu mimi, na kwa kweli ulimi uliniwasha. Lakini haikuwa yangu kujibu.

"Nililishona kwa ajili ya dirisha, Mama."

"Dirisha lipi?"

Mama akageuza kichwa, polepole. Akalitafuta. Macho yake yakapanda ukutani, yakafika kwenye kile kidirisha cha juu, yakashuka, yakafika kwenye cherehani iliyofunikwa, yakafika kwenye sanduku karibu na mlango. Yakarudi kwa binti yake. Akawa anahema. Mtu anaweza kupoteza nusu ya mwili na akili yake ikabaki nzima, na yule mama akili yake ilikuwa nzima.

"Kumbe," akasema. "Kumbe na wewe hukuulizwa."

Bitana akashuka kwenye kigoda, akakaa chini, pale pale kwenye mpaka wa vyumba viwili, na pazia mapajani.

"Mimi waliniambia nitarudi kwangu mguu ukipona," Mama akasema. "Juzi jirani yangu amenipigia. Kwangu wameshaingiza wapangaji." Akakusanya pumzi. "Nenda, mwanangu. Una sanduku tayari, nenda. Mimi nakuruhusu. Nitawaambia mimi nimekufukuza."

Huyo ndiye mtu pekee katika familia ile aliyempa Bitana nafasi ya kusema hapana. Nikangoja. Chumba kile kidogo kilikuwa kinamsubiri, na dirisha lake. Sebuleni watu walikuwa wanaagana kwa vicheko, na sauti ya kaka ilikuwa inawasindikiza kila mmoja kwa jina la cheo chake.

Machozi yakaanza kumtoka Mama, kwenye jicho moja tu, lile la upande mzima. Akajaribu kuyafuta, mkono ulikuwa umechoka, haukufika. "Funga," akasema. "Wanakuja kuaga. Sitaki wanione."

Bitana akasimama. Akaichomeka fimbo kwenye vishikio vyake, akalitandaza pazia, akapita, akaingia upande wa mama yake. Akalivuta. Likafunga kila mahali isipokuwa katikati, maana mapazia ya dirisha hayakukatwa ili yafunge, yamekatwa ili yaachane. Kutoka upande ule nikaona vidole vyake vikitokeza. Akavikusanya vile vipande viwili pamoja, akavishika kwa mkono, akabaki ameshika.

Kitindamimba akaja, mkoba begani, macho mekundu. Mumewe alikuwa anapiga honi nje. "Dada yuko wapi? Nataka kumuaga."

Akakiona kigoda, akaiona cherehani iliyofunikwa na sanduku pale karibu na mlango, kisha akaviona vile vidole kwenye pazia. Alivijua. Vile vidole ndivyo vilivyomfundisha kushika sindano.

"Dada?"

Vidole havikusogea. Akasimama pale, akisubiri pazia lifunguliwe. Honi ikalia tena. Akanigeukia mimi, na kwa kawaida mgeni akiaga, mwenyeji asipokuwepo, aliyebaki ndiye anayemtoa mpaka nje.

Nikaketi kwenye kile kigoda. Sikumsindikiza.